Uchambuzi wa Kisa: Familia ya Watu Watano, Magari Matatu Yaliyotumika na Bajeti Isiyonyumbulika

Familia ninayoizungumzia ina wazazi wawili, watoto watatu, na bibi wa watoto ambaye husafiri nao mara chache kwa mwaka. Mtoto mdogo bado anakaa kwenye kiti maalumu cha gari, na wa pili anatumia kiti cha kumwinua ili mkanda umpite begani badala ya shingoni. Walikuwa wameweka akiba kwa muda mrefu, hawakutaka mkopo, na walikadiria kwamba wangetembea kilomita 12,000 hivi kwa mwaka. Ili kisa hiki kimfae msomaji yeyote, akiba yao yote nitaihesabu kuwa mafungu 100, na bei zote nitazitaja kwa mafungu hayo.

Swali walilokuja nalo lilikuwa lile linaloulizwa na karibu kila mnunuzi: gari gani haliharibiki? Tayari walikuwa na orodha ya majina. Swali hilo si la kupuuzwa, kwa sababu sifa ya aina fulani ya gari ina msingi wake. Toyota Corolla imekuwa ikitengenezwa tangu 1966 na mauzo yake yamepita magari milioni 50, maana yake ni kwamba vipuri vyake vinapatikana kwa wingi na mafundi wengi wameshazifungua injini zake mara nyingi. Kwa upande mwingine, Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za CVT (za otomatiki zisizo na gia za hatua) kwa magari iliyoyauza Marekani ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikaifikisha miaka 10 au maili 120,000, na anayetafuta gari lenye giaboksi ya namna hiyo hana budi kuijua habari hiyo kabla ya kutoa fedha. Hata hivyo, sifa ya aina inaeleza jinsi gari lilivyotoka kiwandani. Baada ya miaka kumi mikononi mwa watu, magari mawili yaliyotengenezwa siku moja yanaweza kuwa yametofautiana kabisa, moja likiwa limebadilishiwa oili kwa wakati na lingine likiwa limeongezewa tu kila taa ya onyo ilipowaka. Ndiyo sababu katika uchambuzi huu nimeyaacha majina ya magari yenyewe matatu, nikayaita la kwanza, la pili na la tatu, ili macho ya msomaji yabaki kwenye hali ya kila gari.

Jambo la kwanza tulilolibishania halikuwa gari, lilikuwa fedha. Familia ilikuwa imepanga kutumia mafungu 95 kununulia na kubakiza matano kwa ajili ya makaratasi. Nilishikilia kwamba bei ya kununulia isivuke 80, na nilijua nawaomba jambo gumu, kwa sababu kila fungu linalotolewa kwenye bei huonekana kama miaka miwili inayoongezeka kwenye umri wa gari. Lakini gari lililotumika, hata likiwa zuri kiasi gani, huja na madai yake: oili na filta za injini, oili ya giaboksi, kulanti ya kupozea injini, maji ya breki ambayo kwa kawaida hufaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani, tairi, na lile jambo moja ambalo hakuna fundi angeliona siku ya ukaguzi. Bima na gharama za kuhamisha umiliki zingekula mafungu sita kwa gari lolote kati ya yale matatu. Anayetumia akiba yote kununulia huanza kuliendesha gari lililochoka akiwa hana cha kulitengenezea, na hapo ndipo matengenezo madogo huahirishwa hadi yakawa makubwa.

Gari la kwanza

Hili ndilo lililoipendeza familia nzima. Lilikuwa gari la juu, lenye miaka saba tu, rangi inang'aa, ndani pananukia usafi, na odomita ikisoma kilomita 61,000. Muuzaji alitaka mafungu 92 na alisema yale ambayo wauzaji husema, kwamba halina tatizo lolote, ni kuweka mafuta na kuondoka. Nafasi ya nyuma ilitosha viti vyote vya watoto, na lilikuwa na mfumo wa kielektroniki unaolizuia gari kuserereka linapokata kona ghafla, jambo ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu lina uzito wake.

Tulipofika, boneti ilikuwa ya moto. Tulikuwa tumeomba waziwazi gari lisiwashwe kabla hatujafika, kwa kuwa injini iliyolala usiku kucha ndiyo inayosema kweli: ndipo unaposikia cheni ikigonga kabla oili haijapanda, ndipo moshi wa buluu wa oili inayovuja ndani ya silinda unapoonekana, na ndipo injini inayosumbua kuwaka inapojulikana. Boneti ya moto haithibitishi hila, lakini ilituondolea kipimo muhimu kuliko vyote, na hiyo peke yake ilikuwa sababu ya kuomba kurudi siku nyingine.

Kisha tukaangalia vitu ambavyo mwoshaji wa magari havigusi. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi mistari yake imefutika upande wa kulia, ilhali ya pedali ya mafuta ilikuwa mpya. Mkanda wa dereva tuliuvuta wote hadi mwisho, na kingo zake zilikuwa zimechakaa na kutoa nyuzi pale unapopita kwenye kishikizo, wakati ile ya nyuma ilikuwa laini kama ya gari jipya. Usukani ulikuwa umevalishwa kava jipya, na chini ya kava ngozi yake ilikuwa imepoteza vinyweleo vyote, ikabaki inateleza. Gari la kilomita 61,000 halichakai hivyo. Uchakavu ule ulikuwa wa gari lililotembea mara mbili au zaidi ya hapo, na kwa kuwa hapakuwa na risiti hata moja ya matengenezo iliyoandikwa kilomita, hapakuwa na cha kuitetea odomita.

Fundi tuliyekwenda naye, ambaye familia yenyewe ndiyo iliyomlipa, aliunganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Hapakuwa na kosa lolote lililoandikwa, na muuzaji akafurahi. Mashine hiyo, hata hivyo, husoma zaidi ya makosa. Kompyuta ya gari hujifanyia majaribio kadhaa ya mifumo inayohusu moshi wakati gari linaendeshwa, kisha huweka alama kwamba kila jaribio limekamilika. Anayefuta makosa kwa mashine, au anayechomoa betri, hufuta na alama hizo pia, na huchukua siku kadhaa za kuendesha kwa kawaida kabla hazijarudi. Karibu majaribio yote ya gari hili yalionekana hayajakamilika. Inawezekana betri ilibadilishwa juzi kwa nia njema, na tulimuuliza muuzaji kuhusu hilo, lakini betri iliyokuwamo ilikuwa ya zamani, vichwa vyake vimeota ukungu mweupe.

Barabarani ndipo shaka ilipokwisha. Giaboksi ya gari hili ilikuwa ya CVT, ambayo haina gia za hatua kama ya kawaida. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazobadili upana wake, na uhai wake wote unategemea oili yake maalumu kuwa safi na ya aina sahihi. Kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa gari lilitetemeka kidogo, kama vile limepita juu ya matuta madogo yasiyokuwepo, na tulipopanda mlima injini ilinguruma zaidi bila mwendo kuongezeka kwa kiasi hicho. Dalili hizo mbili zikikutana, giaboksi inaelekea kwenye matengenezo ambayo kwa familia hii yangeweza kufikia robo ya akiba yao. Ukijumlisha 92 ya bei na 6 ya makaratasi, walikuwa wanabaki na mafungu mawili.

Mama wa familia alisikitika, na sikuona haya kumwambia kwamba nilimwelewa. Gari lile lilikuwa limeandaliwa na mtu anayejua mnunuzi hutazama wapi.

Gari la pili

Hapa kisa kinakuwa kigumu, kwa kuwa gari la pili halikuwa baya. Lilikuwa la viti saba, lenye miaka kumi na kilomita 148,000, na mwenyewe alilitumia kwa familia yake. Alijibu maswali bila kuzunguka, alituonyesha mwenyewe mahali alipoligonga nyuma na likatengenezwa, na alitaka mafungu 82. Baadaye alishuka hadi 80.

Injini yake ilitumia mkanda wa taimingi wa mpira, ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, si cheni. Watengenezaji wengi huagiza mkanda wa namna hiyo ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000 hivi au baada ya miaka kadhaa, lolote litakalotangulia, na katika injini nyingi za leo ukikatika gari likiwa linatembea, valvu hugongana na pistoni, zikapinda, na silinda hedi ikalazimika kufunguliwa. Risiti zilikuwapo kuanzia kilomita 60,000 hadi 140,000, na hakuna hata moja iliyotaja mkanda. Mwenye gari alisema anadhani ulibadilishwa. Naamini alisema alichokiamini, lakini kanuni yangu hapa haina huruma: mkanda usio na ushahidi wa kubadilishwa unahesabiwa kuwa haujabadilishwa, na gharama yake, pamoja na ya vikaza mkanda na pampu ya maji ambayo kwa kawaida hubadilishwa papo hapo kwa kuwa kuifikia baadaye ni kufungua kila kitu upya, inawekwa kwenye bei ya gari.

Tairi zake nazo zilidanganya kwa uzuri. Kashata zilikuwa bado ndefu, lakini ubavuni mwa kila tairi huwa pamechapwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, hivyo kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu za tairi hizi zilionyesha umri wa miaka tisa, na ukizikunja kwa kidole palionekana nyufa nyembamba katikati ya kashata. Shokapu mbili za nyuma zilikuwa zinavuja. Fundi alihesabu matengenezo yote kuwa mafungu 15. Kwa hiyo 80 ya bei, 15 ya matengenezo na 6 ya makaratasi yalifika 101.

Kuna jambo jingine lililoitisha familia bila sababu ya kutosha. Namba ya chesisi ilipoingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, ilionekana kwamba gari lilikuwa limo kwenye mwito wa kubadilishwa mifuko ya hewa na halikuwahi kupelekwa. Mwito huo unatokana na mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake ya amonia nitrati iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hata baadhi ya mifuko ikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Makumi ya mamilioni ya magari duniani yaliitwa, na Takata iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi Juni 2017. Hilo ni jambo la kuuawa mtu, wala halifai kucheleweshwa. Lakini matengenezo ya mwito kama huo hulipiwa na mtengenezaji, kwa hiyo linaamua ni lini gari lipelekwe, haliamui kama linunuliwe. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, yana namba fupi ya chesisi, nayo pia hutafutwa kwenye kurasa za mtengenezaji za nchi hiyo.

Viti saba vilikuwa ndiyo hoja kubwa ya baba. Alitaka bibi wa watoto asiachwe. Nilimwomba afungue viti vya safu ya tatu kisha aweke kigari cha mtoto na mabegi mawili kwenye buti, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya upana wa kiganja. Safu ya tatu ingefunguliwa siku chache kwa mwaka na mizigo isingeingia siku hizo hizo.

Gari la tatu

Steshenwagoni la miaka kumi na miwili, kilomita 183,000, injini ya lita 1.5 yenye cheni ya taimingi, giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne. Rangi ya paa imefifia, mlango wa nyuma una bonde, na kiti cha nyuma kina doa ambalo halitatoka. Bei 78. Watoto hawakulipenda.

Kilichonifanya nitumie muda mwingi juu ya gari hili ni bahasha ya plastiki. Mwenyewe alikuwa amelimiliki kwa miaka tisa na alikuwa ametunza risiti zote. Tulizipanga mezani kwa tarehe, tukaandika kilomita zilizotajwa katika kila moja, na zilipanda bila kuruka wala kurudi nyuma, wastani wa kilomita 15,000 kwa mwaka, unaolingana na umri na odomita. Oili ya injini ilibadilishwa takriban kila kilomita 8,000. Oili ya giaboksi, ambayo wamiliki wengi huisahau kabisa, ilibadilishwa mara mbili. Palikuwa pia na risiti za mambo yaliyoharibika: rejeta, plagi, mota ya kioo cha dirisha. Wanunuzi wengi huogopa risiti za matengenezo, wakidhani zinaonyesha gari sumbufu. Mimi husoma kinyume chake. Kila gari huharibika, na risiti huonyesha kwamba lilipoharibika lilitengenezwa.

Injini ilikuwa baridi kweli na iliwaka mara moja. Chini ya kifuniko cha oili hapakuwa na ule utando wa rangi ya maziwa unaoweza kuashiria maji kuingia kwenye oili. Boliti za mafadega, yaani mabati yanayofunika magurudumu, hazikuwa na alama ya spana, kwa hiyo lile bonde la mlango lilikuwa ni bonde tu, si sehemu ya ajali iliyofichwa kwa puti na rangi. Tuliliendesha kwa zaidi ya nusu saa, tukakata usukani hadi mwisho pande zote mbili kusikiliza kama kuna mlio wa kugonga kwenye magurudumu ya mbele, tukashika breki kutoka mwendo wa kilomita 60, na hapo usukani ukatetemeka kwa sababu diski za mbele zilikuwa zimelika bila usawa. Lilipoinuliwa gereji, fundi aliona bushi mbili za mbele zimepasuka na gasketi ya juu ya injini inatoa jasho la oili. Hayo yote, pamoja na tairi nne na oili zote, yalihesabiwa mafungu 14.

Matumizi ya mafuta nayo yaliingia kwenye hesabu. Gari la kwanza lingetumia takriban lita 10 kwa kilomita 100 na hili lita 7. Kwa kilomita 12,000, tofauti ni lita 360 kila mwaka, na familia hii ilikusudia kukaa na gari miaka mitano.

Uamuzi na kilichoumiza

Muuzaji wa gari la tatu alikubali mafungu 73 baada ya kuonyeshwa orodha ya fundi. Ukiongeza 14 ya matengenezo na 6 ya makaratasi, jumla ilikuwa 93, na yalibaki saba. Kabla ya kulipa, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi ililinganishwa na ya kadi ya gari, jina la kwenye kadi likalinganishwa na kitambulisho cha aliyekuwa anauza, na malipo yakafanywa kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Sitaki ionekane kwamba uamuzi huu haukuwa na hasara. Gari la tatu lilikuwa na breki zisizofunga magurudumu zinapokanyagwa kwa nguvu (ABS) na mifuko miwili ya hewa, lakini halikuwa na ule mfumo wa kuzuia kuserereka. Mfumo huo si pambo. Marekani iliufanya wa lazima kwa magari mapya kuanzia toleo la mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, kwa kuwa huokoa watu. Kama magari mawili yangekuwa sawa kwa hali na bei, ningechagua lenye mfumo huo bila kufikiri mara mbili, hata kama lina bonde milango yote minne. Hapa halikuwapo chaguo la namna hiyo: lenye mfumo lilikuwa na giaboksi inayoelekea kufa na odomita isiyoaminika. Tulichofanya ni kuhakikisha fedha za tairi na breki hazipunguzwi hata kidogo, kwa kuwa gari lisilo na msaada wa kompyuta linategemea mpira na pedi zaidi. Mtoto mkubwa alipewa kiti cha katikati, ambacho kwa bahati kilikuwa na mkanda unaopita begani na kiunoni, kwani mikanda ya kiunoni tu bado hupatikana katikati mwa viti vya nyuma vya magari mengi ya umri huo. Bibi, katika siku zile chache, angesafiri kwa chombo kingine. Baba hakuridhika na hilo, na sidhani kwamba alikosea kutoridhika.

Mwezi wa tano taa ya betri iliwaka njiani. Fundi alipima umeme injini ikiwa inaunguruma na kupata volti 12.1, wakati inatakiwa kuwa kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Altaneta, inayochaji betri, ilikuwa imechoka, na hakuna dalili yake iliyoonekana siku ya ukaguzi, ambapo kipimo hicho hicho kilikuwa sawa. Ilitengenezwa siku hiyo hiyo kwa mafungu matatu kutoka katika yale saba. Lingekuwa gari la kwanza, mafungu mawili yaliyobaki yasingetosha hata kwa altaneta, achilia mbali giaboksi.

Kuhusu gari la pili bado nina mawazo mawili. Lilikuwa jipya zaidi kwa miaka miwili, lilikuwa na nafasi zaidi, na mwenyewe alikuwa mtu wa kuaminika. Kama angepata risiti ya mkanda wa taimingi, hesabu yake ingeshuka kwa mafungu kama saba hadi 94, na hapo ningewashauri walichukue, wapeleke mifuko ya hewa ibadilishwe kabla ya mtoto yeyote kupanda, na wavumilie akiba ya mafungu sita. Walimpigia simu mara mbili kumwomba atafute risiti hiyo, na hakuipata.